Koni na mpira: hatimaye mpira umeshuka

Jana usiku mpira ulishuka kutoka kwenye koni mara 40 mfululizo bila kukwama. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mlango nimeufunga, nahesabu kwa sauti. Nilipofika arobaini niliiweka koni chini nikabaki naitazama tu. Tangu masika yaanze nimekuwa nikihangaika na kitu hiki kimoja.

Mchezo wenyewe ni wa mazingaombwe: koni moja, mpira mmoja, na kazi yote iko kiganjani, mpira unapofichwa. Wangu nimeujenga juu ya ule wa mwanamazingaombwe Dai Vernon, wa koni, mpira na leso, ila nimeupunguza ufae meza ndogo na watu waliokaa karibu. Mpango ulikuwa mpira upotee mara mbili, urudi chini ya koni, leso iingie katikati, na mwisho koni itoe ndimu nzima. Ndimu ndiyo inayonifurahisha kuliko yote, kwa sababu mtu anaishika, anainusa, na akitaka anaikata.

Koni ya kwanza nilishonewa na fundi viatu hapa Ngamiani, Tanga, kwa ngozi nyeusi ya ng'ombe. Mdomo sentimita 7, urefu 18. Ilipendeza mno, nyembamba, imesimama kama mnara. Mpira nao ni kizibo nilichokichonga na kukipiga msasa mpaka kikawa duara, kisha shangazi akakifumia vazi la uzi mwekundu, uzi uleule wa vitambaa vyake vya makochi. Kipenyo chake ni sentimita 3.5.

Kuhusu mipira nina msimamo. Wa tenisi ya meza uacheni. Tangu walipouongeza kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000 ni mkubwa kwa kiganja changu, na kwa joto la hapa, mkono ukitoka jasho, unateleza kama samaki. Wa mti uliokerezwa una uzito mzuri lakini unagonga. Ukigusa pete tu, siri imekwisha. Wa kufuma hauna sauti na unashika kiganjani. Shangazi alipomaliza ule wa kwanza aliniuliza, “Mwanangu, hiki kitu cha mtoto wa nani?” Nikamwambia, “Ni cha mazingaombwe, shangazi. Kitatazamwa na watu.” Akaufumua wote akaanza upya, akisema kama utatazamwa na watu lazima ukazwe. Huo wa pili ndio ninaoutumia mpaka leo.

Sasa kilichonitesa. Mpira ukiingia ndani ya koni ulikuwa hautoki. Siyo kila mara, na hapo ndipo penye uchungu. Mchana nyumbani unashuka vizuri mara kumi, jioni barazani unang'ang'ania. Mara ya kwanza kunitokea mbele ya watu niliinua koni mahali ambapo mpira ulipaswa kuwa umekaa mezani, na meza ilikuwa tupu. Mzee mmoja akasema kwa upole, “Umo humo ndani, mwanangu.” Nilitikisa. Nikatikisa tena. Ikabidi niingize kidole.

Nilidhani ni unyevu. Ngozi ikinywa hewa ya mvua inalegea na kukumbatia mpira, hilo ni kweli, kwa hiyo nikaanza kuihifadhi koni kwenye debe lenye mchele mkavu. Ikapunguza kidogo, haikuondoa. Nikapaka poda ndani. Mpira mwekundu ukatoka na mabaka meupe, na kila aliyekaa mbele akajua umepita wapi. Nikajaribu nta ya mshumaa. Siku mbili ilikuwa ajabu, siku ya tatu joto likailainisha, ikawa gundi. Nikaparua ngozi yote ndani kwa kisu butu, nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilikaribia kuitoboa.

Kilichonifungua macho ni manila. Niliacha ngozi kabisa kwa wiki nzima, nikakata koni tano za karatasi ya manila zenye midomo tofauti na urefu tofauti, nikadondosha mpira uleule ndani ya kila moja kutoka kimo kilekile, kisha nikaipindua. Nyembamba zote zilishika. Pana zote ziliachia. Kumbe tatizo halikuwa mvua, ulikuwa mwinamo wa kuta! Koni ikiwa nyembamba, kuta zinakaribia kuwa sambamba, na mpira unapoangukia ndani unajikaza kama kabari kwenye mpini wa jembe. Kadiri unavyoudondosha kwa nguvu ndivyo unavyojibana. Na mimi barazani, kwa wasiwasi, nilikuwa naudondosha kwa nguvu kuliko nyumbani. Unyevu ulikuwa unaongezea tu.

Lakini pana mno nayo haifai. Ya mdomo 9 kwa urefu 15 ilikuwa inaachia hata pale ninapotaka ishike, kwa sababu kuna wakati lazima vidole vibane ukuta kwa nje ili mpira ubaki juu. Kati ya hizo mbili nikapata mdomo 8, urefu 16. Ukibana kidogo unakaa, ukilegeza unashuka.

Nikarudi kwa fundi na kipimo kipya. Ikakwama tena! Safari hii mara moja kati ya kumi, na ilinichukua jioni mbili kugundua kwamba ilikuwa inakwama upande mmoja tu: kwenye mshono. Ngozi ilipandana pale, likatokea tuta dogo ndani, unene wa kucha, na uzi wa mpira ulikuwa unalikamata. Fundi akaufumua mshono, akazikutanisha kingo bila kuzipandisha, kisha akatia bitana ya satini, mshono wake ukitazama nje. Bitana ndiyo iliyomaliza kazi. Kama unashonesha koni, usiache kutia bitana.

Faida nyingine sikuitarajia. Ndimu yangu ina upana wa sentimita 5 hivi. Kwenye koni ndefu ilikuwa inakaa karibu sana na mdomo, sentimita 2 na kitu tu, na aliyekaa chini kwenye mkeka aliweza kuona kijani. Kwenye hii mpya imezama zaidi ya 3. Naitoa kwenye mfuko wa kanzu, ule wa ubavuni, ambao ni mrefu na mkono unaingia bila bega kuinuka. Juu navaa koti ili uvimbe usionekane. Suruali haiwezi kukupa hivyo.

Wiki hii nilipaswa kushughulikia leso. Sijaigusa, na nadhani sitaigusa tena. Vernon, aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894, alitumia miaka yake ya mwisho kule Magic Castle, klabu ya wanamazingaombwe ya Hollywood, akiwasisitizia waliomfuata kwamba mkono ufanye kile ambacho ungefanya siku zote. Nikawa najiuliza, mtu wa Tanga ni lini hushika koni siku zote? Jibu lilipita mbele ya nyumba likigongesha sarafu: muuza karanga. Karatasi ya daftari iliyozungushwa, ncha imekunjwa. Hakuna mtu hapa anayeitilia shaka.

Kwa hiyo mwisho mpya ni huu: ndimu inatoka, koni ya ngozi inawekwa kando, nazungusha karatasi mbele ya macho yao, mpira unaingia, na ninapopindua zinamwagika karanga mpaka sahani ijae. Nimejaribu mara tatu. Karanga za chumvi zinaacha vumbi kiganjani, kwa hiyo nitatumia zisizo na chumvi, na ngozi yake nyekundu nitaipepeta kwanza. Kazi kubwa ni kukunja. Yule kaka anakunja kwa mkono mmoja huku mwingine unachota, kidole gumba kikiwa ndani na ncha ikijifunga yenyewe. Nilimwomba anifundishe. Alikunja polepole mara nne nikiwa nimesimama naye kwenye kivuli cha mwembe, na ile ya nne nilikuwa nimeshaona mahali ambapo mpira unaweza kukaa.