Kabla hujaifungua habu ya Raleigh yako ya zamani

Wenye baskeli za Raleigh za gia tatu, hasa mnaozitoa mabandani kule Wete na Chake, Pemba: usimlaumu haraka aliyekuuzia. Habu ya Sturmey-Archer AW, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma chenye gia tatu ndani yake, mara nyingi haijafa, imekauka tu. Soma kwanza ganda lake. Kwa kawaida kuna tarakimu za mwaka ilipoundwa, 58 ni 1958.

Hewa yetu ya chumvi inakula ganda kwa nje, na ndani mafuta ya zamani yameshaganda. Ilaze baskeli, tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitundu cha mafuta, zungusha gurudumu, yaache yachuruzike usiku kucha. Halafu tia oili ya SAE 20 au 30, kijiko kimoja cha chai. Mafuta ya nazi usithubutu! Yananata, na vimeno vya ndani, vinavyoinuliwa na springi nyembamba kama unywele, vinashindwa kunasa. Grisi ni ya gololi tu.

Pedali ikizunguka bure baina ya gia ya pili na ya tatu, shuku waya wa gia kwanza. Kijiti chenye mnyororo mdogo, kinachoingia ndani ya ekseli upande wa kulia na kuvutwa na waya huo, kikaze mpaka mwisho, kisha kirudishe, kisizidi nusu mzunguko. Tia gia ya pili, chungulia kitundu cha nati ya kulia: mwisho wa kijiti, pale mnyororo unapoanzia, ulingane na ncha ya ekseli.

Ukiifungua habu, wakati wa kuirudisha koni ya kulia (ile inayobana gololi kwenye ekseli) kaza kwa vidole, irudishe nusu mzunguko, ifunge. Marekebisho mengine yote fanyia kushoto, na rimu iachie ucheze kidogo sana.