Jua la Goma halina joto ila linazeesha

Sisi wa Goma, huku mashariki ya Kongo, tunajisifu sana na hali yetu ya hewa na ni kweli ni nzuri, asubuhi unavaa jaketi, saa sita unatembea barabarani na kaupepo ka ziwa kanakupiga, jasho hakuna. Sasa hapo ndo ngozi zinaharibikia. Joto ni kitu kingine na mionzi ya jua ni kitu kingine, ile mionzi inayoleta makunyanzi huisikii hata kidogo, na mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10. Ongeza tena kwamba ikweta iko hapo karibu tu, mwaka mzima jua la mchana liko juu ya utosi. Na mawingu msiyaamini, yakiwa mepesi hadi asilimia 80 ya mionzi inaweza kupita.

Mimi kazi yangu ni nyuso, niko saluni kutwa nzima, na kila mara mama anakaa kwenye kiti ananiambia dada nipe krimu ya kuondoa uzee. Kabla ya krimu yoyote namwambia apandishe mkono wa nguo mpaka begani, aangalie ngozi ya ndani ya mkono karibu na kwapa, halafu aangalie mgongo wa kiganja. Juu ni laini, rangi moja, ukiifinya inarudi haraka. Kwenye kiganja imekauka, ina madoa madoa, ukiifinya inachelewa kurudi. Ngozi ya mtu mmoja, miaka ileile! Wengi wananyamaza kidogo wakiona. Jaribu na wewe sasa hivi unaposoma.

Kinachotokea ni hivi, kuna mionzi ya UVB inayounguza juu juu, na kuna UVA inayoingia ndani zaidi na kuvunja kolajeni na elastini, yaani zile nyuzi zinazoshika ngozi kama kamba zinavyoshika hema. UVA inapita hata kwenye kioo. Mwaka 2012 jarida la madaktari la New England Journal of Medicine lilitoa picha ya dereva wa lori wa Marekani, mzee wa miaka 69, alikuwa ameendesha miaka 28, na upande wa uso uliokuwa dirishani ulikuwa umekunjamana vibaya, ule mwingine ungedhani ni wa mdogo wake. Wenye taksi waiangalie ile picha. Na wamotari na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambao hata hicho kioo hawana, ndo nawaonea huruma zaidi, shingo zao kwa nyuma zinakuwa na mistari mirefu wakiwa bado vijana kabisa.

Halafu moshi. Huku karibu kila nyumba inapika na makala, yaani makaa, na kuna wamama wanaochoma mahindi ama kukaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, barabarani, uso uko juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, toka mchana mpaka usiku. Watafiti wa China waliangalia wanawake wanaopikia kuni na makaa wakaona mikunjo ya uso imeingia ndani zaidi kuliko ya wengine, na Ujerumani waliona moshi wa magari unaongeza madoa. Mama, weka mbabula nje, kaa upande upepo unakotokea, ukimaliza nawa uso. Lakini usinawe na sabuni ya kufulia, naomba sana! Najua vumbi letu jeusi la mawe ya volkano linashika, ila ile sabuni inatoa mafuta yote ya ngozi unabaki umekauka.

Sigara inabana mishipa midogo ya damu na ngozi inakosa chakula, pombe na sukari nyingi nazo zinachangia, haya mnayajua. Usingizi pia, lakini mtu aliyekimbia vita na watoto wake siwezi kumwambia alale masaa nane, hapa wote tunajua kinachotunyima usingizi.

Kama una pesa ya kitu kimoja tu nunua kofia pana, inayofunika hadi masikio, ama tembea na mwavuli hata kama mvua hakuna. Krimu ya jua ikipatikana iwe SPF 30 (hicho ni kipimo cha kinga) kwenda juu, iwe imeandikwa inazuia na UVA, unarudia kila baada ya masaa mawili ukiwa nje. Zile zenye rangi ya kahawia zinatufaa zaidi, hazituachi weupe kama tumepakwa unga.

Wengine wananiambia sisi weusi hatuzeeki haraka. Kuna ukweli, melanini, yaani ile rangi nyeusi ya ngozi, inatukinga, makunyanzi kwetu yanachelewa japo madoa hayachelewi. Sasa kwa nini tunanunua mkorogo, krimu za kujichubua, kuiondoa? Hii inaniuma kweli. Unavua kinga yako chini ya jua kama hili, tena na hidrokinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ambayo ukipaka miaka mingi inaweza kukuletea weusi wa bluu kwenye mashavu na vifundo vya vidole, na kutoka kwake ni kazi ngumu sana. Nyingine zina zebaki, inaharibu figo. Nyingine zina kortizoni kali, ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na siku ukihitaji kushonwa, kidonda kinachelewa kupona. Nimeshika nyuso za wadada wa miaka ishirini na kitu, ngozi yao chini ya vidole vyangu ni ya bibi.

Kama umepaka zile za kortizoni muda mrefu usikate ghafla peke yako, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele, na wengi wakiona hivyo wanarudia palepale wakidhani ngozi inaidai. Nenda kwa daktari wa ngozi, beba na ile kopo aone kilichoandikwa, atakupunguzia pole pole.