Kumbe Sesna alikuwa mtu, tena muuza magari wa hapa hapa Enid

Wadau habari za huko, mi mbeba boksi mwenzenu nipo Enid, Oklahoma, mji ambao hata Wamarekani wenyewe wa huko pwani ukiwatajia wanauliza uko wapi. Watu elfu 50 hivi, ngano kila upande, maghala ya nafaka marefu yaani unayaona mapema kabisa bado upo barabarani hujafika mjini. Nalea wazee shifti ya usiku, na huku bila gari we ni mfungwa tu, hakuna daladala hakuna boda, kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza nikajikusanya nikaenda yadi moja ya magari ya mkononi kutafuta Corolla.

Mzee wa yadi akaniuliza kwenu wapi, nikamwambia Tanzania, kisiwa kinaitwa Mafia. Akacheka, wote wanacheka wakisikia hilo jina nshazoea. Akauliza sasa huko mnafikaje, nikamjibu boti ya Nyamisati au ukiwa na hela unapanda kindege cha Cessna kutoka Dar. Akaweka kalamu chini, akasema unajua huyo Cessna alikuwa anauza magari mji huu huu?

Jamani mi nilikuwa sijui hata kama Cessna ni mtu. Kwetu Kilindoni mjomba wangu alikuwa anabeba mizigo ya abiria pale uwanja wa ndege, na sisi watoto kindege chochote kikija, kiwe na injini moja kiwe na mbili, tunapiga kelele sesna hiyo sesna hiyo. Nilichukulia ni neno kama baiskeli tu.

Basi Corolla nikachukua (giaboksi ilinisumbua miezi mitatu baadae lakini hiyo stori nyingine) na nikaanza kumfuatilia huyo bwana. Clyde Cessna, kazaliwa Iowa 1879, kakulia shamba Kansas, shule kidogo, mikono ndo ilikuwa na akili. Mashine za shambani zikiharibika anaitwa yeye. Magari yalivyoanza kuingia akawa fundi, halafu muuzaji, akaja hapa Enid kuuza magari ya Overland, na biashara ilikuwa inamwendea vizuri tu. Ana familia, mke wake jina lake Europa, nalipenda sana hilo jina.

Sasa Januari 1911 akaenda Oklahoma City kuangalia maonyesho ya ndege, akaona wale marubani na hela wanazolipwa, kichwa kikahama. Na hapa ndo namwelewa kabisa, hakuanza na ndoto za mawinguni sijui nini, aliona hela. Akapanda treni mpaka New York, kiwanda kimoja pale Bronx kilichokuwa kinatengeneza ndege za kuigiza ile Blériot ya Mfaransa, akakaa kidogo akaangalia wanavyofanya, akanunua moja, ikasafirishwa mpaka Oklahoma. Akafunga injini ya Elbridge, akaiita Silver Wings, na ndugu yake Roy akawa msaidizi.

Mwalimu hana. Rubani wa kumuuliza hana. Akaibeba mpaka Salt Plains, uwanda wa chumvi kaskazini magharibi ya hapa, karibu na kijiji kinaitwa Jet (ndio, Jet, na jina hilo lilikuwepo kabla ya ndege za jeti). Nimeenda mwenyewe Jumapili moja, familia zilikuwa zinachimba vile vijiwe vya kahawia vinavyong'aa kama kioo wanavyookota pale, mi nimesimama tu nashangaa. Tambarare nyeupe mpaka macho yanauma, hakuna mti hakuna nguzo, na upepo wa Oklahoma ule wa kukuvua kofia. Nikasema ahaa, huyu alitafuta sehemu ya kuanguka bila kugonga kitu.

Maana alianguka. Mara kumi na kitu! Anainuka kidogo, anavunja, anakusanya mbao na vitambaa, anaunga upya, watu wanacheka, siku moja kaumia mpaka kalazwa hospitali. Kwenda mbele akaweza, balaa ni kona na kutua. Desemba 1911 ndo akaruka maili kama 5, akageuka, akarudi kutua pale pale alipoondokea. Wale wale waliocheka baadae walilipa kiingilio kumwona kwenye maonyesho, magari akaachana nayo, akarudi Kansas, kiangazi anaruka, baridi ikiingia yupo bandani anaunda nyingine.

Vita ya kwanza ya dunia ikaua maonyesho, akarudi kulima. Mwaka 1925 akaungana na Walter Beech na Lloyd Stearman kuanzisha Travel Air kule Wichita, wakashindwana, yeye anataka ndege ya bawa moja wenzake wameng'ang'ania mabawa mawili, moja juu ya jingine. 1927 akatoka akaanzisha kampuni yake, ya kuunda ndege yenye bawa lisiloshikiliwa na nguzo wala waya. Kinachonichekesha ni kwamba zile Cessna Caravan zinazotua Mafia zina nguzo chini ya bawa, angeziona sijui angesemaje.

Halafu hali ya uchumi ikawa mbaya, 1931 wakurugenzi wakafunga kiwanda. Na 1933 rafiki yake Roy Liggett akafa kwenye mashindano akirusha ndege ya Cessna, na hapo mzee akakatika moyo, ndege hakutaka tena. Kilichookoa jina ni wapwa zake, Dwane na Dwight Wallace, watoto wa dada yake, 1934 wakafungua tena kiwanda, mjomba akakaa kidogo kama rais wa kampuni akawaachia, akarudi shambani kwake. Kafa Novemba 1954. Ile Cessna 172, iliyotengenezwa zaidi ya 44,000, hakuna ndege nyingine duniani iliyofikia hapo, ilianza kuuzwa 1956, hakuiona.

Nikampigia mjomba WhatsApp kumhadithia. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, nikamwaga yote, jamaa wa Overland, chumvi, kuanguka, wapwa. Kimyaa, nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote ile nabeba mizigo ya muuza magari." Nikacheka. Halafu akauliza hao wapwa zake, kiwanda kilivyosimama, mjomba wao walikuwa wanamtumia chochote kule shambani?

Nikamwambia mjomba subiri shifti inaanza, mwisho wa mwezi tutaongea.