Vile niliweka watoto Bomas mpaka jioni bila simu

Bomas of Kenya ni pale Nairobi palijengwa boma za makabila mbalimbali, na ngoma zao zikawa zinachezwa hapo. Yule aliyeniambia "Bomas nendeni asubuhi, saa saba mko nyumbani" sijui alienda Bomas gani. Ngoma zenyewe ni za alasiri, wikendi zilikuwa zinaanza saa tisa unusu hivi. Sasa fika saa nne asubuhi na watoto wawili, mama mkwe na hotpoti ya pilau uone vile siku ni ndefu. (Hii ni kabla ile kazi ya jumba jipya la mikutano ianze 2025, saa hii uliza kwanza kabla ubebe watu.)

Kufika ni rahisi, panda matatu 125 za Rongai ushukie mall ya Galleria. Na tiketi, nauli na soda zote, ilinikula elfu nne hivi.

Shida ni zile boma. Ya kwanza wakaangalia, ya pili kijana akaanza, "Mum, si hii ni ile ile?" Nikajaribu ualimu, nikawaambia manyatta za Wamaasai hujengwa na wanawake, fito halafu samadi. Msichana akagusa ukuta, akanusa kidole, akakipangusia kwa sweta ya ndugu yake. Basi hiyo ndiyo historia walishika. Kijana akatafuta kivuli akafungua gemu.

Tulipofika boma ya Wajaluo nikamnong'onezea mama mkwe, "Mama, usiwaelezee kitu, niachie." Nikachukua simu ya kijana nikamwambia: wewe unaingia 13, hapa ungekuwa ushatolewa kwa nyumba ya mamako, tafuta yako, ukiipata nakurudishia. Akaenda mbio kwa ile inaangaliana na lango. Dani yake, yaani nyanya, huyo mama mkwe wangu, akampigia kelele, "Toka! Hiyo ni ya mikayi, mke wa kwanza, unataka kulala na nyanya zako?" Akajaribu ya kando, dani akacheka mpaka leso ikamdondoka, hiyo ni ya nyachira, mke wa pili. Akazunguka ghala, akarudi, mwishowe akaona kale kadogo karibu na lango. Simba, ndiyo nyumba ya kijana! Dani akamwambia hapo uko huru, lakini mwizi akiingia anaanza na wewe.

Hapo nikawa nimeshinda. Kila boma tuliyoingia ni yeye anatafuta kijana analala wapi, na dadake naye anateta mbona yeye hana nyumba, mpaka dani akamwambia wasichana walikuwa wanalala siwindhe, kwa nyanya, na hadithi zote zilikuwa huko. Mimi nimekaa chini nakula pilau, simu iko kwa begi yangu na hakuna anayeiuliza.

Mama mkwe naye alikuwa na lake, alitaka kuona pale kura za urais zilijumlishwa 2013, 2017 na 2022. Akasimama akaangalia, akasema, "Kwa tivii kulikaa kubwa."

Kwa ngoma kaeni viti vya chini. Isukuti ya Waluhya ikianza utaisikia kwa kifua, na hata UNESCO waliiweka 2014 kwa ile orodha ya tamaduni zinazohitaji kuokolewa haraka. Wanasarakasi walikuwa wanakuja mwisho kabisa, kwa hivyo peleka watoto choo kabla muingie, juu wangu alinivuta mkono wakati jamaa wanapandana mabegani na sikutoka.