Picha Niliyoituma Alhamisi Usiku

Mombasa, Jumapili 12 Aprili 2015

Zimetimia siku kumi leo tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, na nikifumba macho bado naiona sakafu ile ya kwenye picha. Sitaieleza ilivyokuwa. Wengi mmeiona, na asiyeiona namwomba asiitafute. Ninachotaka kuandika ni jinsi picha ile ilivyofika mkononi mwangu na jinsi ilivyotoka, maana ilitoka kwangu ikaenda kwa wengine, na jambo hilo nimelificha siku zote hizi.

Alhamisi ile niliamshwa na redio ya Bibi. Akishasali alfajiri huiwasha na haizimi mpaka adhuhuri. Mtangazaji akasema watu wenye bunduki wameingia Chuo Kikuu cha Garissa mnamo saa kumi na moja unusu, wanafunzi wengine wamelala na wengine wako kwenye maombi yao ya asubuhi, na risasi zingali zinasikika. Waliothibitishwa kufa ni wawili. Nikanywa chai yangu na mahamri, nikamaliza. Nasema kweli, nilimaliza. Tangu shambulio la Westgate mwaka 2013, kisha Mpeketoni, kisha lile basi la Mandera, habari ya watu wawili ilikuwa haituzuii tena kumeza.

Alasiri wakawa sabini. Usiku, askari walipokwisha kuingia bwenini, waziri akatangaza 147. Baadaye idadi ikawa 148: wanafunzi 142, na waliobaki ni askari polisi na wanajeshi. Bibi alikuwa na tasbihi mkononi, akaikamata tu bila kuivuta. Akasema, "Inna lillahi. Watoto wa watu hawa." Akarudia, "Watoto wa watu."

Kundi letu la darasa kwenye WhatsApp lina watu 38. Jioni ile kila mtu alikuwa anaandika. Ilikwishajulikana kwamba wauaji ni Al-Shabaab na kwamba waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, wakiwalenga Wakristo. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza: "Waislamu wa humu mbona kimya?"

Waislamu tuko tisa mle ndani. Sikuwa nimenyamaza kwa sababu sikuumia. Nilikuwa nimekaa sakafuni miguuni pa Bibi, simu iko juu ya mkeka, sijui hata niandike nini. Lakini nilipolisoma swali lile uso ukanipata moto. Wakati huohuo ile picha ikaingia kutoka kundi la mabinamu zangu. Nikaitazama mara moja, nikaipeleka darasani, nikatia vikatuni vitano vya machozi, nikaandika "poleni." Majibu yakaja mbiombio. "Asante dada." "Tuko pamoja." Nikahisi nimetua mzigo.

Niliituma ili nionekane nimelia.

Nimelifikiria sana swali la mwenzangu. Kule bwenini vijana waliulizwa dini yao na mtu mwenye bunduki, na jibu likaamua nani atoke na nani alale chini. Simfananishi mwenzangu na wale, hasha. Baadaye nilikuja kujua kwamba ana kaka yake chuoni Eldoret, na usiku ule alikuwa anampigia simu haipatikani. Alikuwa na hofu, na hofu ikamtoka kwa sura ya swali lile. Ningempigia nikamuuliza, "Kaka yako umempata?" Sikumpigia. Nilikimbilia kutafuta ushahidi wa kujitetea, na ushahidi uliokuwa karibu ni miili ya watoto wa wenyewe.

Ijumaa asubuhi jirani yetu wa mlango wa pili alikuja kugonga. Namwita Anti. Ni mtu wa Bara, wa Magharibi ya Kenya, lakini kakaa Mombasa miaka mingi, na mimi nimekulia mlangoni kwake kama kwetu. Binti wa dada yake alikuwa mwaka wa kwanza Garissa. Mimi sikujua. Nilijua tu yuko chuo. Chuo kile kilifunguliwa mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na wengi hawakukichagua. Majina hutoka serikalini, unapangiwa, unafunga sanduku. Anti alisema, "Alilia alipoona Garissa. Tukamwambia nenda, mama, elimu ni elimu." Alilisema akiangalia kizingiti.

Kisha akaniambia, "Nasikia kuna picha. Unayo?"

Nilitaka kusema sina. Lakini uongo huo haukunitoka, maana simu ilikuwa mkononi. Tukakaa kibarazani. Akavaa miwani yake ya kusomea, ile yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, akaishika simu yangu kwa mikono miwili kama mtu ashikaye sahani iliyojaa. "Nikuzie hapa." Nikakuza. "Hapa tena." Alikuwa anatafuta sweta ya manjano aliyomnunulia binti Krismasi. Alikwenda kona hadi kona, mtu mmoja baada ya mwingine, akinong'ona, "Huyu si yeye. Huyu si yeye." Alipofika mwisho akashusha pumzi, akatabasamu, akasema, "Hayumo!" Halafu nikaona mkono wake unapanda polepole mpaka mdomoni. Hakusema kitu kingine. Alinirudishia simu, akavua miwani, akaingia kwake.

Mimi nilikuwa nimeitazama picha hiyohiyo usiku, nikaona kitu kimoja: mauaji. Yeye alimtazama kila mmoja aliyelala pale, kwa kuwa yeyote angeweza kuwa wake.

Jumamosi zikaja habari za msichana aliyepatikana hai baada ya siku mbili. Alijificha kabatini, akanywa losheni ya kupaka kwa kiu na njaa. Anti aliishika habari ile kwa meno. "Kama huyo katoka kabatini, hata wetu huenda kajibanza mahali." Dada yake alikuwa Nairobi, akishinda Uwanja wa Nyayo pamoja na familia nyingine, wakingoja mabasi ya walionusurika. Kila basi likifika alisimama mlangoni mwa basi mpaka ateremke wa mwisho.

Siku hiyohiyo Rais alitangaza siku tatu za maombolezo, bendera nusu mlingoti. Na siku hiyohiyo miili ya wauaji ilipitishwa mjini Garissa juu ya gari la wazi, watu wamejaa kutazama, watoto nao wamo. Kundi letu likashangilia. Mimi sikushangilia, ila niliangalia, mara mbili. Kesho yake ikajulikana kwamba mmoja wao alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, chifu huko Mandera, ndiye aliyekuwa amekwenda kuripoti kwamba mwanawe katoweka. Nilimhurumia yule baba. Hadi leo sijamwambia mtu, maana huruma hiyo sijui niipeleke wapi.

Jumatatu ya Pasaka simu ya Anti ililia saa nne asubuhi. Tulisikia ukuta kwa ukuta. Alikuwa dada yake, kutoka hifadhi ya maiti ya Chiromo.

Bibi alijitanda leso, akaniambia nimfuate. Nyumba ya Anti ilikuwa imeshaanza kujaa watu wa kanisani kwake. Bibi akapenya, akamkuta kaketi chini, akainama kwa shida ya magoti yake, akamshika mkono. "Makiwa," akasema.

Makiwa ni ukiwa wa kufiwa, na kwetu mfiwa akiambiwa hivyo hujibu "Tunayo." Anti akamtazama tu, si maneno ya kwao hayo, na hata angeyajua sidhani kama sauti ingetoka. Bibi akangoja kidogo. Kisha akajijibu mwenyewe, polepole: "Tunayo."

Nimezaliwa nikilisikia neno hilo kwenye matanga, nikalichukulia kama "karibu" na "asante," maneno ya kupishana mlangoni. Siku ile lilinigonga. Mimi Alhamisi niliandika "poleni." Ni neno jema, silikatai, nimeambiwa mara nyingi nikiumwa na likanifaa. Ila nilipoliandika usiku ule nilijiweka nje ya mlango, nikawapa pole walio ndani, tena nikatazama nani kaniona nimesimama pale. Bibi aliingia, akalibeba jibu la mfiwa na kujitia kwenye hesabu. Wala hakumuuliza Anti analia kwa dini gani.

Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Niliambiwa nikaoshe vikombe. Nikaosha. Vikichafuka naviosha tena. Mama akachemsha maharagwe kwenye lile sufuria letu kubwa, kijana wa kanisani akaazima viti. Mikono yangu ilipokuwa majini nililia kweli, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na hapakuwa na mtu wa kuona kwa sababu wote walikuwa wamenipa mgongo.

Jumanne jioni tulitazama maombolezo ya Uhuru Park, Nairobi, kwenye televisheni ya Anti. Mishumaa, vijana wamekaa nyasini, na misalaba imechomekwa, mmoja kwa kila aliyekufa. Anti alisogea karibu na kioo. "Wetu ni upi?" akauliza. Mtoto mmoja akanyoosha kidole palipotokea tu, akasema, "Ule." Anti akautazama huo mpaka picha ikabadilika.

Sitaki mtu adhani nawadharau waliokuwa pale. Wanafunzi waliandamana Nairobi siku ile wakiuliza kwa nini kikosi maalumu cha polisi kilifika Garissa saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Ni swali la haki, na familia iliyoko Chiromo haina nguvu ya kuliuliza. Pia wapo walioanza kuandika "147 si namba tu," wakaweka picha za wale vijana wakiwa hai: huyu na kofia ya mahafali ya sekondari, yule kashika keki. Zilinisaidia kuiondoa ile sakafu kichwani. Na wale waliouliza wako wapi viongozi wa dunia waliokwenda kuandamana Paris mwezi wa Januari baada ya mauaji ya huko, hata mimi niliwaunga mkono. Tuliumia kuona kilio chetu hakina wageni.

Ila na hapo kuna jambo. Picha ya binti wa Anti nayo iliwekwa, na mtu asiyemjua, jina limekosewa herufi mbili. Nyanya yake kijijini alikuwa bado hajaambiwa. Familia ilikuwa inamngoja mjomba afike ndipo aambiwe, akiwa amekaa, na watu wa kumshika wako karibu. Kijana wa jirani akamsomea kutoka kwenye simu, akidhani anajua. Kijana yule hakuwa na ubaya. Na aliyeweka picha naye, nina hakika, alikuwa analia.

Anti alisafiri Alhamisi kwenda kuzika. Ufunguo wake uko kwetu, namwagilia maji sukumawiki yake ya kwenye makopo.

Leo alfajiri Bibi kawasha redio kama kawaida. Hitilafu ya umeme imesababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wameingiliwa, wakaruka madirishani kutoka ghorofani. Mmoja amekufa, zaidi ya 100 wameumia. Hapakuwa na mtu mwenye bunduki, na kijana amekufa. Nikaiacha chai.

Nikafungua simu, nikapandisha juu mpaka Alhamisi ya tarehe 2, nikaikuta: picha, machozi matano, poleni. Kwenye simu yangu nimeifuta. Lakini kuifuta kwangu hakuiondoi kwao, iko kwenye simu 37 na sijui nani aliipeleka wapi. Kwa hiyo nimeanza kuwaandikia mmoja mmoja, pembeni, nje ya kundi. Nimeona nikiandika mbele ya wote nitakuwa natafuta tena kuitwa dada mwema. Naandika hivi: "Ile picha niliyotuma, tafadhali ifute. Nilikosea. Kuna mama alimtafuta mwanawe mle ndani."

Wa kwanza kumwandikia ni yule aliyeuliza mbona kimya. Akanijibu kwamba aliifuta usiku uleule, hakuweza kulala nayo. Nikamuuliza habari za kaka yake. Akasema yuko salama, simu ilikuwa haina chaji, ila hataki kurudi chuoni na mama yao hamlazimishi. Tuliongea mpaka saa sita mchana.

Mpaka sasa, saa tatu usiku, wamenijibu 14. Wengine wanauliza ni mama gani. Siwaambii. Nimebakiza 23.