Pikipiki Inayokula Betri

Aliyeniuzia pikipiki ile hakuficha mengi. Alinionyesha mkwaruzo wa tangi na mnyororo uliolegea, kisha nilipokuwa tayari nimeshavaa kofia akadokeza: "Ila inakula betri, ndugu yangu." Alikuwa ameshabadilisha kadhaa, zote mpya, zote zikamfia.

Haikuchukua muda nikayaona mwenyewe. Niliiacha imelala siku chache, asubuhi nikabonyeza swichi ya stata, ikajibu tak-tak-tak ya relei, ile swichi ya umeme inayoamsha stata, na taa za dashibodi zikafifia. Na haina kiki ya mguu. Washauri wakajitokeza bila kuitwa: mmoja akasema betri, mwingine regiuleta inayodhibiti chaji, wa tatu akaapa ni koili ya chaji, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Wote walikuwa na uhakika na hakuna aliyekuwa na mita ya kupimia umeme.

Mita alikuwa nayo mjomba wangu, mzee aliyemalizia ujana wake kwenye nyaya za malori. Alikuja nayo mfukoni, waya zake zimezungushiwa utepe mweusi kiasi kwamba rangi ya asili haionekani. Nilimwambia niko tayari kwenda kununua betri. Akakaa kwenye ndoo, akaniambia, "Ukainunue ya kuilisha nani?"

Alianza na vichwa vya betri: akavilegeza, akavisugua kwa brashi ya waya, akavikaza. Kutu nyeupe kidogo, basi. Tukajaribu tena, hali ile ile. Ndipo akapima: volti 11.7. Mimi nikasema imekufa. Yeye akasema ina njaa, na kufa ni habari nyingine. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa kama volti 2.1, kwa hiyo iliyoshiba na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikichajiwa usiku kucha na bado ikang'ang'ania 10.5, hesabu yake ni rahisi: seli moja imeondoka, zimebaki tano, na hiyo hakuna dua itakayoirudisha. Namba hiyo ya 10.5 aliipenda sana mjomba. Aliitamka kama hakimu anayesoma hukumu.

Tukaichaji. Yangu ilikuwa ya Ah 7, yaani ampea-saa saba, ndio ujazo wake, naye akaweka mkondo wa ampea 0.7, yaani sehemu ya kumi ya ujazo wake, akaniamuru niiweke mahali penye hewa kwa sababu betri ikichajiwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni na cheche havipatani. Asubuhi nilitaka kupima papo hapo. Akakataa. Betri iliyotoka kwenye chaja huonyesha volti 13 na zaidi, chaji ya juu juu tu ambayo haitadumu. Tukaiacha hadi jioni. Ikasoma 12.5.

Nilifurahi, nikaona kazi imekwisha. Mjomba akashikiza mita kwenye vichwa vya betri, akaniambia nibonyeze stata huku yeye akiangalia namba. Injini iliwaka kwa kujivuta, lakini volti zilikuwa zimeporomoka hadi 8.1. Betri yenye afya, akasema, haitakiwi kushuka chini ya 9.6 au hapo karibu wakati stata inazunguka. "Huu ni mtungi uliojaa mawe. Maji yanafika mdomoni, ukimimina unapata kikombe." Mawe yenyewe ni fuwele za salfeti ya risasi, ile metali iliyomo ndani ya betri. Betri ikiachwa tupu kwa muda mrefu, fuwele hizo hukua na kugandamana kwenye mabamba, na chaja ya kawaida haiziyeyushi tena.

Kwa kuwa injini ilikuwa inanguruma, akapima na chaji. Kwenye mizunguko kama 4,000 kwa dakika mita ilisoma 14.2. Regiuleta na koili, zilizotukanwa na washauri wangu wote, zikawa zimeachiwa huru.

Basi betri mbovu, chaji nzuri. Mtu yeyote angeishia hapo na kwenda dukani, na nadhani ndivyo alivyofanya yule aliyeniuzia, mara baada ya mara. Mjomba alizima injini, akatoa ufunguo, akafungua waya mweusi wa betri. Akaihamishia mita kwenye ampea, tundu la ampea 10, akaiweka katikati: ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye kichwa cha betri. "Sasa usiguse swichi yoyote. Ukiwasha stata hapa, fyuzi ya mita inakwenda."

Pikipiki imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na mita inasoma miliampea 65.

Tulipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la kiti. Miliampea 65 kwa saa 24 ni zaidi ya Ah 1.5 kwa siku. Betri ya Ah 7 inafika nusu kwa siku mbili na kidogo, na siku ya tano haina kitu. Hata ikiwa mpya kabisa.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku mimi nikisoma namba kwa sauti. Sitini na tano. Sitini na tano. Sitini na tano. Zikaisha. Mjomba akatabasamu, maana kama fyuzi zote ziko nje na mlaji bado anakula, basi amejiunga moja kwa moja kwenye betri. Tukafuata waya mwembamba uliopita chini ya kiti, nyuma ya taa, hadi kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa kwa plastiki. Kengele ya wizi. King'ora chake kilikuwa kimekatwa zamani, kwa hiyo hakikuwahi kulia wala kukumbukwa, lakini kisanduku kilibaki macho usiku na mchana kikisubiri rimoti ambayo sijawahi kuiona. Tukakikata, tukarudisha fyuzi zote. Mita ikashuka hadi miliampea 1, saa ya dashibodi hiyo.

Hapo tu ndipo nikaruhusiwa kununua betri. Aliichaji kwanza kabla ya kuifunga, ingawa muuzaji alisema iko tayari. Waya mwekundu ukafungwa mwanzo, mweusi mwisho, kwa sababu ukikaza mwekundu na spana ikagusa fremu wakati mweusi bado haujafungwa, hakuna kitakachotokea.

Tulibishana jambo moja tu. Hata miliampea 1 hula karibu sehemu ya kumi ya betri ile kwa mwezi, na mimi nilikuwa na safari ndefu mbele yangu. Nilipendekeza mdogo wangu awe anaiwasha dakika tano kila wiki. Mjomba hakujibu, aliwasha injini, akaiacha ikinguruma taratibu na taa ikiwaka, akanionyesha mita. 12.9. Stata imeshakula fungu lake, na hapo kinachorudi hakifiki popote. Afadhali niache waya mweusi umefunguliwa, au ninunue chaja ndogo inayojipunguza yenyewe betri ikijaa na kushikilia kama volti 13.5, siyo ile chaja yake ya malori, ambayo ingeichemsha betri yangu.

Nikanunua ile ndogo. Nikamwonyesha mdogo wangu pa kuichomeka, na swichi ya stata nikamkataza kabisa.