Jaruba la Ibu, mti wa jirani, na mimi nisiye na hata hatua moja

Ndugu zangu wa Muheza, Tanga, wakipiga simu, tukimaliza salamu na habari za mtoto, swali ni lile lile: "Sasa huko ukweni umeshapata shamba?" Sina. Na kwa sheria za huku sitakuwa nalo. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia, ya mwaka 1960, inasema umiliki kamili ni wa raia peke yake. Mgeni akiangukiwa na ardhi kwa mirathi, au kwa mali ya ndoa kuchanganyika, ana mwaka mmoja awe ameiachia. Asipoiachia haki yake inakufa na ardhi inaingia mikononi mwa serikali. Silalamiki sana, maana kwetu nako mgeni hakatiwi shamba kijijini hivi hivi. Ila kukaa pembeni ya mali za watu kuna raha yake. Unaona vizuri nani ana nini, kwa sababu hakuna anayekuhofia.

Kijiji chetu kiko Klaten, Java ya Kati, kwenye tambarare iliyo kati ya Solo na Yogyakarta. Asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda unaona mlima Merapi upande wa magharibi, na siku ukitoa moshi hakuna anayeacha jembe kuutazama. Maji ya mifereji yapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo mpunga unalimwa mara mbili, hata mara tatu. Unaweza kupita njiani ukakuta jaruba moja linapandikizwa miche na la pili yake linavunwa siku hiyo hiyo. Mimi niliyekulia kusubiri masika na vuli, mwanzoni nilikuwa sijui kabisa tuko msimu gani.

Kinachonishangaza mpaka leo ni udogo wa mashamba. Baba yangu, ambaye Muheza hakuna anayemwita tajiri, ana heka kadhaa za michungwa na minazi. Ibu, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, ana majaruba matatu, kila moja mahali pake, na yote ukiyajumlisha hayafiki nusu hekta. Heka moja na kipande. Na hapa Ibu ni mtu mwenye mali! Kwenye shughuli anakaribishwa mbele. Jirani yetu wa nyuma, mzee tunayemwita Mbah, hana jaruba hata moja, anaishi kwa kulima la Ibu.

Utaratibu wao wanauita maro: mwenye shamba anatoa shamba, mkulima anatoa nguvu zake, mavuno nusu kwa nusu. Mbolea wanachangia. Kuna sheria ya 1960 inayotaka makubaliano kama haya yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji, lakini sijaona karatasi ya aina hiyo kwa Ibu wala kwa jirani yeyote. Ibu na Mbah wamekubaliana kwa mdomo tangu mume wangu hajavaa sare za shule, na anayejua hesabu yao ni wao wawili. Siku za kugawana, Mbah haingii ndani. Anakaa barazani, anapewa chai yenye sukari ya kutosha kuua chungu, wanazungumza juu ya panya, juu ya mjukuu wa mtu fulani, juu ya kila kitu isipokuwa mpunga, halafu anaondoka. Mimi bado najiuliza wamehesabiana saa ngapi.

Mnunuzi naye ana mchezo wake. Siku hizi wengi hawavuni wenyewe, wanauza mpunga ungali shambani. Anakuja bwana na pikipiki, anaiegesha kwenye mti, anatembea juu ya tuta polepole mikono nyuma. Anachuma suke moja, anapukuta punje kiganjani, anazipuliza zilizo tupu ziruke, moja anaiuma. Kisha anataja bei ya jaruba zima, bila mizani wala kipimo chochote. Ibu hajibu. Anaendelea kuchuma pilipili pembeni mwa tuta kama hajasikia. Mwaka 2025 serikali ilipopandisha bei ya kununulia mpunga mbichi kwa wakulima mpaka rupia 6,500 kwa kilo, Ibu alijifunza kujibu kwa neno moja: "Bulog." Hilo ni shirika la serikali la chakula. Bwana wa pikipiki alicheka akaongeza kidogo, akalalamika juu ya unyevu, akaongeza tena. Walipokubaliana alitoa kishika uchumba cha noti chache, na baada ya hapo ule mpunga ukawa wake. Mvua ikiulaza usiku huo, hasara ni yake. Ibu akalala usingizi.

Panya ndio adui wa wote. Kwenye baadhi ya mashamba ya huku wamesimamisha nguzo zenye kibanda cha mbao juu, na kibanda hicho ni cha bundi. Ndiyo, bundi! Anajengewa nyumba ili akae, azae, awale panya. Nilimtumia mama picha, akaniandikia kwamba nimwambie mume wangu atuhamishe.

Sasa mje kwenye nyumba. Nyumba ya Ibu ni ya zamani, paa la vigae lenye mgongo mrefu, nguzo za mtiki zimekalishwa juu ya mawe. Hazikuchimbiwa chini. Boriti zimepachikana kwa ndimi na matundu, misumari haihitajiki. Mitiki naijua, nimekua karibu na msitu wa Longuza, lakini sikuwahi kuona nyumba ambayo watu wanaweza kuifungua kama kitanda, wakaipakia kwenye lori na kwenda kuiunga kwingine. Na kweli wanafanya hivyo. Wapo wafanyabiashara wanaozunguka vijijini wakitafuta fremu za kale za kuwauzia wenye hoteli na matajiri wa mjini. Mmoja alikuja kwetu akamwambia Ibu abaki na kiwanja chake, yeye anataka nguzo tu. Ibu alimweleza habari za tetemeko la tarehe 27 Mei 2006, lile lililoua watu zaidi ya 5,000, wengi wao Bantul na hapa Klaten. Nyumba nyingi za tofali zilikwenda chini. Hii iliyumba, vigae vikamwagika, nguzo zikabaki zimesimama. Jamaa akanywa chai akaenda zake.

Kwa hiyo kiwanja ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine, na mti ni kitu cha tatu. Hili nililiona kwa macho wapima ardhi walipokuja.

Huku vijijini ardhi nyingi ilikuwa haina hati. Ilichokuwa nacho ni mstari kwenye daftari kubwa la ofisi ya kijiji, wanaliita Letter C, ambalo asili yake ni orodha ya walipa kodi. Karani alitufungulia. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, wino umefifia, na kwenye safu za daraja la ardhi kuna herufi S kwa jaruba la maji na D kwa ardhi kavu, zikifuatwa na namba za Kirumi. Shamba ambalo Ibu amelilipia kodi miaka yote lilikuwa bado liko kwa jina la babu yake. Watu waliishi hivyo bila wasiwasi, mpaka kanuni ya 2021 ilipoweka ukomo: karatasi za namna hii zisajiliwe ndani ya miaka mitano, yaani hadi tarehe 2 Februari 2026, baada ya hapo hazihesabiki tena kuwa ushahidi wa umiliki. Mpango wa kupima vijiji kwa mkupuo ulikuwepo tangu 2017, na kwa Java na Bali gharama ya maandalizi kijijini iliwekwa rupia 150,000 kwa kipande. Ibu hakuona haraka. Alianza kuhangaika aliposikia barabara ya kulipia ya Solo na Yogyakarta inakata majaruba ya wilaya yetu, watu wanalipwa fidia kubwa, na wasio na karatasi za kueleweka wanazungushwa. Barabara haikupita kwetu. Hofu ilipita.

Kabla ya kupimwa, kila mtu anatakiwa achimbie vigingi vya mpaka na jirani akubali. Upande wa mashariki wa uwanja wetu kuna mmelinjo, mti ambao mbegu zake zinapondwa na kukaangwa kuwa kitu kama chipsi, chungu kidogo, tamu sana ukizoea. Mti umesimama kwa Ibu. Jirani akasema sawa, umesimama kwako, lakini aliyeupanda ni bibi yangu. Ibu akasema anajua. Mpima akasema yeye anapima ardhi, miti haimhusu. Wakasimama pale, wazee wawili, wakiutazama mti kama mgonjwa, mpaka kijana wa ofisi ya kijiji akachimbia kigingi upande wa pili wa shina. Ardhi ikawa ya Ibu. Mti ni wa jirani hadi utakapokufa wenyewe, na jambo hilo halimo kwenye hati wala halitaandikwa popote. Kila anapochuma anatuletea mfuko wa chipsi zake. Nilimsimulia rafiki yangu Mpemba, hakushangaa hata kidogo: kwao pia mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe.

Hati ilipokuwa njiani ndipo lilipozuka suala la kugawa. Kwetu Muheza mirathi inazungumzwa marehemu akishazikwa, anaitwa shehe, na hapo ndipo ndugu wanapojuana. Wajava wengi wanagawa mzazi akiwa hai, kwa hiba, ili aone mwenyewe. Ibu ni Mwislamu wa sala tano na anajua fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya fungu la binti. Alimwita kila mtoto peke yake. Halafu akawaita pamoja: wifi yangu anayefanya kazi kiwandani Bekasi, mume wangu, na shemeji yetu mdogo ambaye hajatoka nyumbani. Jaruba moja moja kila mtu, sawa kwa sawa, na nyumba ni ya mdogo kwa sababu ndiye atakayemuuguza. Hakuna aliyenuna, angalau mbele yangu. Wifi alilia kidogo, akasema lake aendelee kulima Mbah.

Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi nikisikiliza. Urithi wa mume hauniletei shida, sheria ya ndoa ya 1974 inaacha mali ya kurithi na ya hiba kwa mwenyewe. Shida ni kile tutakachonunua tukiwa ndani ya ndoa, maana hicho ni cha wote wawili, na mimi ndiye nusu isiyoruhusiwa. Zamani ulitakiwa uandike mkataba wa kutenganisha mali kabla ya kufunga ndoa, na wengi wetu hatukujua. Mahakama ya Katiba ikaamua mwaka 2016 kwamba mkataba unaweza kuandikwa hata mkiwa tayari mmeoana. Basi tukaenda kwa mthibitishaji mjini, tukatia sahihi kwamba changu ni changu na chake ni chake. Shangazi zangu waliposikia, simu ziliunguruma. "Umesaini kuacha mali ya mumeo?" Nimesaini, shangazi, ndipo naye aweze kununua.

Nisije nikaonekana mnyonge. Ipo mali ambayo nami nimo. Kila nyumba ina kikopo kidogo kimening'inizwa barazani, unaweka sarafu ya rupia 500, na usiku wanaume wa zamu ya ulinzi wanapita kukusanya. Hela hizo ndizo zilizonunua taa za njia ya kwenda makaburini, na viti vya plastiki ambavyo mwenye shughuli anaazima. Sarafu zangu zimo humo. Kwenye upatu wa akina mama jina langu limo, limekosewa herufi lakini limo. Na Ibu anapokwenda kusaidia kupika kwenye harusi ananivuta, "Nduk, twende," yaani binti yangu, twende, kwa sababu siku yetu ikifika wale tuliowakatia vitunguu ndio watakaokuja kutukatia.

Aliyebaki ni mwanangu. Ana pasipoti mbili. Sheria ya uraia ya huku, ya 2006, inamwacha hivyo hadi atimize miaka 18, halafu ana miaka mitatu ya kuchagua. Tanzania nayo haitaki mtu mzima wa nchi mbili. Akichagua huku, jaruba la baba yake linamngoja. Akichagua kwetu, babu yake ameshamwonesha mstari wa michungwa. Bibi wa huku na babu wa kule hawajawahi kuonana ana kwa ana, lakini wameanza kushindana, kila mmoja ananiuliza mtoto anaongea vizuri lugha gani.

Yeye mwenyewe anataka bata. Ibu amemwambia asubiri mavuno yapite, watanunuliwa wadogo wadogo, atawafuga nyuma ya jiko, na wakivuka tu kwenye miche ya Mbah wataliwa siku hiyo hiyo.